Joto la Ujiji na joto la nchi za barafu: Tunapima kwa mizani gani?

MWAKA 2024, katika ile miezi mitatu ambayo Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi upande wa Tanzania, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Ujiji kwa msiba wa shangazi yangu. Aijuaye Ujiji anajua kuwa msiba ukiisha wageni hawaondoki siku hiyo hiyo. Hukaa, wakajuliana hali, na baada ya Swala ya Alasiri baraza hujaa wazee na vijana, kahawa ikapita, na mazungumzo yakaenda kila upande.

Siku hiyo mazungumzo yalikuwa ya samaki. Isingewezekana yawe ya kitu kingine, kwa kuwa barazani pale walikuwapo wavuvi watano au sita waliokuwa wamekaa na mikono mitupu. Mmoja wao, mzee wa miaka sabini na ushei, aliyeanza kwenda majini na karabai akiwa kijana mdogo, alikuwa na watoto wawili ambao nao ni wavuvi, na wote wawili wakati huo walikuwa wakibeba matofali kwenye ujenzi ili jioni wapate cha kupeleka nyumbani.

Mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alitaka kueleza kwa nini samaki wamepungua. Akasema kuwa dunia inapata joto na ziwa nalo linapata joto. Akatoa simu yake akasoma kuwa wataalamu mwaka 2022 walichapisha utafiti unaoonyesha kuwa eneo la Aktiki, yaani nchi za barafu za kaskazini ya mbali, tangu mwaka 1979 limeongezeka joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia nzima. Kisha akasema kuwa maji ya Tanganyika, kwa takriban miaka mia moja, yameongezeka kiasi cha nyuzi joto moja hivi.

Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniangalia mimi, maana ndiye niliyetoka mjini, akasema: "Mwanangu, kama hao wenye barafu wameongezewa mara nne na bado wapo, sisi wa nyuzi moja tunalia nini? Kila siku hapa jua linapanda na kushuka zaidi ya hiyo nyuzi moja. Isije ikawa tunafungiwa ziwa kwa hadithi."

Ndugu msomaji, naomba nikiri. Sikuwa na jibu. Na mtu asiye na jibu huwa na hasira. Nikaanza kusema juu ya viwanda vya Ulaya na Marekani, nikasema juu ya dhulma ya mataifa makubwa, nikasema juu ya ukoloni. Vijana wakatikisa vichwa kunikubali. Mzee akanywa kahawa yake akasema: "Nimekuuliza kipimo, umenijibu lawama."

Neno lile nililibeba mpaka Dar es Salaam, na tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza ili nimpe jibu lake. Makala hii ni deni langu kwake. Na kwa kuwa nadhani swali lake si lake peke yake, naliweka mbele ya wasomaji wote: Je, inawezekana kulinganisha badiliko la joto la sehemu mbili zilizo mbali namna ile, na baada ya kulinganisha, tukasema kwa haki nani ameumia zaidi, na nani anadaiwa?

Tuanze na kipimo chenyewe, kwa sababu mzee alikuwa na haki ya kukiulizia. Nani alijua joto la ziwa miaka mia moja iliyopita?

Jibu ni kwamba walikuwapo waliolipima. Mwanzoni mwa karne iliyopita, daktari mmoja wa Kibelgiji, Louis Stappers, alizunguka katika ziwa hili akipima vina vyake na joto la maji yake, na vipimo hivyo vikachapishwa mwaka 1913. Wavuvi wetu wanaishi na jina lake bila kujua: mgebuka, samaki anayependwa kuliko wengi pale Kigoma, katika vitabu vya wataalamu anaitwa kwa jina la daktari huyo. Mwaka huo huo wa 1913 ndio meli ambayo leo tunaiita Liemba ilikuwa ikiundwa kule Papenburg, Ujerumani. Kwa hiyo kipimo cha joto cha Tanganyika kina umri sawa na Liemba. Si hadithi ya jana.

Waliokuja baadaye walipima katika vina vilevile. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yalilinganisha vipimo vya zamani na vipya, na yote mawili yakasema jambo moja: ziwa limepata joto, maji ya juu zaidi kuliko ya chini, na kwa sababu hiyo maji hayachanganyiki kama zamani. Moja ya makundi hayo lilikadiria kuwa uzalishaji wa mimea midogo ya majini, ambayo ndiyo mwanzo wa chakula cha samaki wote, huenda umeshuka kwa asilimia 20, na kwamba hilo lingeweza kumaanisha kupungua kwa samaki kwa kiasi cha asilimia 30.

Lakini miaka mia moja ni muda mfupi kwa ziwa lenye umri wa mamilioni ya miaka. Je, kabla ya hapo? Hapa ndipo elimu ya kulinganisha sehemu mbili zilizo mbali inapoanza kunoga.

Chini ya Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470 na la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, kuna tope lililotua kidogo kidogo, mwaka juu ya mwaka, kama kurasa za kitabu. Katika maji ya upande wa Kalya, kusini mwa Kigoma, watafiti walishusha bomba ndefu wakatoa nguzo ya tope hilo. Ndani yake mna mafuta ya vijidudu vidogo mno ambavyo huunda ngozi zao kwa namna moja maji yakiwa ya baridi na kwa namna nyingine yakiwa ya moto. Vijidudu vimekufa, mafuta yamebaki, na mafuta hayo husomwa kama kipimajoto.

Upande wa pili wa dunia, Greenland, theluji nayo huanguka mwaka juu ya mwaka na kugandamana. Wamarekani waliitoboa barafu hiyo mpaka wakagonga mwamba mwaka 1993, kina cha mita 3,053. Barafu ile husomwa kwa uwiano wa oksijeni nzito na oksijeni nyepesi iliyomo ndani yake, ambao hubadilika kufuatana na baridi ya wakati theluji ilipoanguka. Ukiwa na tope la Kalya mkono mmoja, na barafu ya Greenland mkono wa pili, una vitabu viwili vilivyoandikwa katika nchi mbili zisizojuana, vikieleza miaka ile ile.

Utafiti wa mwaka 2008, ulioongozwa na Jessica Tierney wa Chuo Kikuu cha Brown, ulisoma tope la Tanganyika la miaka 60,000 na kulilinganisha na kumbukumbu za kaskazini. Kilichoonekana ni cha ajabu. Katika nyakati ambazo kaskazini ya mbali ilipata mabadiliko ya ghafla, mvua za huku kwetu nazo zilibadilika ghafla. Yaani mvua inayonyesha Kigoma na barafu iliyo Greenland ni kama ncha mbili za kamba moja: ukivuta huku, kule panatikisika. Na mwaka 2010 watafiti hao wakatoa kumbukumbu ya karibu zaidi, ya miaka 1,500, wakaonyesha kuwa joto la maji ya juu ya ziwa mwishoni mwa karne ya 20, kiasi cha nyuzi 26, halikuwa na mfano katika muda wote huo.

Sasa turudi kwa mzee. Alisema: wao mara nne, sisi moja. Vitabu hivi viwili vinamjibuje?

Kwanza vinamkubalia. Ni kweli kuwa kaskazini hubadilika zaidi, na haikuanza leo. Katika zama za barafu, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, Greenland ilikuwa na baridi kuliko sasa kwa zaidi ya nyuzi 10, wakati ziwa letu lilikuwa chini ya joto la baadaye kwa nyuzi chache tu, tatu au nne hivi. Sababu moja kubwa inaeleweka hata na mtoto. Barafu ni nyeupe, nayo hulirudisha jua juu kama kioo. Ikiyeyuka, bahari nyeusi au ardhi iliyokuwa chini yake hulinywa jua lile lile, ikapata joto, ikayeyusha barafu nyingine. Joto huzaa joto. Sisi wa nchi za joto hatuna kioo hicho cha kupoteza, ndiyo maana ongezeko letu kwa hesabu ya nyuzi ni dogo.

Lakini, na hapa naomba msomaji atulie, hesabu ya nyuzi siyo uzito wa nyuzi.

Muuza dagaa yeyote pale Kibirizi anajua tofauti hiyo. Debe la dagaa wabichi na debe la dagaa wakavu ni debe lile lile. Kipimo ni kimoja. Ukiyapandisha kwenye mizani, utaona kuwa hukupima kitu kimoja. Nyuzi joto nayo ni debe. Inategemea umeitia ndani ya nini.

Chukua maji. Maji yakipata joto huwa mepesi. Mita moja ya ujazo ya maji yenye nyuzi 4, ukiipandisha ikafika nyuzi 5, inapoteza uzito usiofika gramu 10. Mita ile ile ya ujazo ikiwa na nyuzi 25, ambalo ndilo joto la Tanganyika, ukiipandisha ikafika 26, inapoteza kiasi cha gramu 260. Ni nyuzi moja pale, na ni nyuzi moja hapa. Lakini athari yake katika maji ya joto ni zaidi ya mara 20 ya athari yake katika maji ya baridi.

Gramu 260 zina maana gani kwa mvuvi? Zina maana ya chakula. Maji ya chini kabisa ya Tanganyika yana kiasi cha nyuzi 23, na ya juu huenda kati ya 24 na 28 kufuatana na majira. Yaani tofauti kati ya juu na chini ni nyuzi chache tu. Chini kumejaa mbolea ya viumbe vyote vilivyokufa vikazama, lakini hakuna hewa, na samaki hawezi kuishi huko. Juu kuna hewa na jua, lakini mbolea ni kidogo. Uhai wote wa ziwa unategemea kule chini kupandisha kidogo kile kilichonacho. Kazi hiyo hufanywa na upepo wa kusini wa kiangazi, ule wa kuanzia Mei hadi Septemba, unaosukuma maji ya juu kuelekea kaskazini ili ya chini yapate nafasi ya kupanda. Maji ya juu yakizidi kuwa mepesi, upepo ule ule hauna nguvu ya kuyachanganya na mazito yaliyo chini. Ni kama mafuta juu ya maji: unaweza kupuliza utakavyo. Mimea midogo ikikosa mbolea hupungua, wadudu wa majini wanaoila hupungua, dagaa hupungua, na mgebuka anayemfuata dagaa naye hupungua.

Kwa hiyo, mzee wangu, uliposema kuwa jua kila siku linapanda na kushuka zaidi ya nyuzi moja, ulisema kweli juu ya baraza letu. Hukusema kweli juu ya ziwa. Katika kilele cha barafu ya Greenland, tofauti ya wastani kati ya kiangazi na kipupwe hukaribia nyuzi 30. Katika ziwa letu ngazi nzima, kutoka sakafuni hadi juu, ina vidato vitatu au vinne. Kukiongeza kidato kimoja katika ngazi ya vidato vinne si jambo moja na kukiongeza katika ngazi ya thelathini. Mnyama wa nchi isiyobadilika hajajiandaa kwa badiliko.

Huo ndio upande wa kwanza wa mizani. Lakini mtu mwadilifu hapimi upande unaomfaa peke yake. Qur'an ina sura nzima iliyobeba jina la wapunjao vipimo, wale ambao wakijipimia hutaka debe lijae mpaka limwagike, na wakiwapimia wengine hupunguza. Mara nyingi tukiisikia aya ile tunamfikiria muuza mchele. Mimi katika jambo hili nimeona kuwa inanihusu mimi niliyekuwa nikihutubia pale barazani. Kwa sababu katika habari ya joto kuna punjo tatu, na moja kati yake ni yangu.

Punjo ya kwanza ni ya wanaotaka kukana kila kitu. Ule utafiti wa 2008 ulionyesha pia kwamba mwishoni mwa zama za barafu, Tanganyika ilianza kupata joto takriban miaka 3,000 kabla ya hewa ya kaboni kuongezeka angani. Mtu akilichukua hilo peke yake atasema: mmeona, joto lilitangulia, kaboni haina hatia! Hiyo ni kupunja. Badiliko lile la kale lilianzishwa na namna dunia inavyolizunguka jua, ambavyo hubadilika polepole kwa maelfu ya miaka. Kisha kaboni ikaongezeka, nayo ikazidisha joto lililokwishaanza. Kwamba moto wa jana uliwashwa na radi si ushahidi kuwa moto wa leo haukuwashwa na kiberiti. Kabla ya viwanda hewa ya kaboni ilikuwa kiasi cha sehemu 280 katika kila milioni. Leo imepita 420, na chanzo chake kinajulikana: ni makaa, mafuta na gesi tunavyochoma, pamoja na misitu tunayofyeka.

Punjo ya pili ni ya kinyume chake, nayo ndiyo iliyokuwa yangu. Ni kuutwika joto mzigo wote ili sisi tutoke na mikono misafi. Baada ya zile tafiti za 2003, wataalamu wengine, katika andiko la mwaka 2006, walisema wazi kuwa kupungua kwa samaki kulikoonekana katika takwimu kunatokana zaidi na mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko hali ya hewa. Hawakuwa watu wa kubeza. Walijua ziwa. Na nani kati yetu hajaona kokoro likivutwa ufukweni na kuzoa watoto wa samaki? Nani hajaona nyavu za matundu madogo zikifichwa mchana na kutumika usiku?

Mwaka 2016 likaja jibu lililowapa wote haki yao. Watafiti wakiongozwa na Andrew Cohen wa Arizona walirudi kwenye tope. Mabaki ya samaki yaliyomo humo yalionyesha kuwa upungufu ulianza sambamba na ziwa kupata joto, kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza katikati ya karne ya 20. Tena walikadiria kuwa eneo la sakafu ya ziwa lenye hewa, wanakoishi konokono na samaki wengi wa miambani, limepungua kwa asilimia 38 tangu miaka ya 1940. Kwa hiyo joto ni kweli, na nyavu ni kweli. Joto limepunguza akiba, na sisi tunachota kwa pupa zaidi kutoka kwenye akiba iliyopungua. Mtu ambaye mshahara wake umekatwa hawezi kusema kwamba kwa kuwa aliyemkata ni mwingine, yeye ataendelea kutumia kama zamani. Atakufa njaa akiwa na haki yake mkononi.

Punjo ya tatu ni ya walio mbali, na hii ni kubwa kuliko zote. Mtanzania mmoja, kwa kuchoma mafuta na makaa, hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya kaboni kwa mwaka. Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani 13. Bara zima la Afrika halifiki asilimia 5 ya hewa hiyo inayotolewa duniani kwa mwaka. Aliyechota hakumwagikiwa, na aliyemwagikiwa hakuchota. Kama hii si dhulma, basi neno dhulma halina maana.

Lakini hapa pia tujipime vizuri. Tumezoea kusema "Wazungu". Ukitazama orodha ya nchi ambazo mtu mmoja mmoja anatoa hewa nyingi kuliko wote, utakuta juu kabisa Qatar, na karibu yake Kuwait na Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi za ndugu zetu katika imani, ambako baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wana jamaa wanaofanya kazi. Je, tukisema juu ya haki ya mvuvi wa Ujiji, tutanyamaza tukifika mlango wa ndugu? Kusema kweli juu ya jirani tusiyempenda ni rahisi, na hata mnafiki huweza. Mizani hupimwa kwa yule tunayempenda. Mkutano wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ulikubali kuundwa kwa mfuko wa kufidia hasara kwa nchi zinazoumizwa, na mkutano wa Dubai mwaka 2023 ukauanzisha. Yote miwili ilifanyika katika miji ya Waislamu. Ni jambo la kuwapongeza, na ni jambo la kuwakumbusha: ahadi ni deni.

Na upande wa pili wa kamba je? Niliposema pale barazani juu ya "hao wa kaskazini", nilikuwa na picha ya tajiri katika jumba lenye joto. Lakini Greenland ina watu wasiofika 60,000, wengi wao ni Wainuiti, na miongoni mwao wamo wawindaji ambao barafu ya bahari ndiyo barabara yao. Barafu ikiwa nyembamba, mtu na mbwa wake wanaweza kuzama. Huyu naye hakujenga viwanda vya dunia. Ukimkutanisha mwindaji huyu na mvuvi wetu, hawatashindana nani nyuzi zake ni nyingi. Wataelewana kabla mkalimani hajafika: mmoja atasema sakafu ninayotembea juu yake imekuwa nyembamba, na mwingine atasema dari la maji yangu limekuwa zito kufunguka.

Basi jibu la swali nililoweka mwanzoni ni lipi? Inawezekana kulinganisha joto la sehemu mbili zilizo mbali? Naam, inawezekana, na wenye elimu wamefanya hivyo kwa uangalifu mkubwa. Kulinganisha kunatufundisha kuwa dunia ni moja, kwamba hakuna aliye mbali kiasi cha kutoguswa. Lakini nambari ya nyuzi haiwezi peke yake kutuambia nani ameumia zaidi. Kwa hilo tunahitaji maswali mengine matatu: Nyuzi hiyo imeingia ndani ya nini? Aliyeipata ana nini cha kujikinga nacho? Na nani aliileta? Anayetaja nambari bila maswali haya anauza kwa debe akiwa ameificha mizani. Na anayelia juu ya maswali haya bila kuitaja nambari, kama nilivyofanya mimi, anamnyima mwenziwe kipimo alichokiomba.

Wapo watakaosema kuwa mvuvi aliyelala na njaa hahitaji hesabu hizi za gramu na tope. Sikubaliani nao. Yule mzee hakuomba mchele, ingawa alikuwa na haja nao. Aliomba aelezwe kwa nini anafungiwa ziwa. Kumwambia mtu akae miezi mitatu bila kazi, bila kumweleza sababu kwa lugha anayoijua na bila kumsaidia ale nini, ni kumpunja mara mbili. Serikali za nchi nne zinazolizunguka ziwa, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zinafanya vyema kukubaliana kulipumzisha. Tena kituo cha utafiti wa uvuvi, TAFIRI, kipo pale pale Kigoma. Elimu iliyotoka katika tope la ziwa letu isiishie katika majarida ya ng'ambo huku watoto wa waliozaliwa juu ya tope hilo wakiambiwa "ni amri". Maimamu, walimu na wenye mabaraza tuna sehemu yetu hapo. Na mfuko ule wa hasara, kama una maana yoyote, ujulikane na mvuvi wa Katonga na Kibirizi, usijulikane tu na wahudhuriaji wa semina.

Nilimpigia simu mpwa wangu nikamwomba amsomee mzee haya niliyoyaandika kabla hayajachapwa. Alimsomea baada ya Magharibi. Mzee aliuliza swali moja tu: zile gramu 260, ni za mita moja ya maji au za ziwa zima? Mpwa wangu akamjibu kuwa ni za mita moja tu. Anasema mzee alinyamaza kitambo, akaangalia upande wa ziwa, kisha akasema: "Basi hilo ziwa limebebeshwa. Mwambie mjomba wako nimepata kipimo. Sasa na lawama aiendeleze, lakini aanze na kokoro."

Nami nimeanza nalo. Wabillahi tawfiq.